Zamu ya Mzee Mpini

Mwaka ule umeme ulikuwa wa mgao, maji yalikuwa ya mgao, na uvumilivu wa Sabra binti Hassani nao ukawa wa mgao: asubuhi upo kidogo, ikifika saa nne umekatika.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na tisa, mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma nyuma ya soko la Lushoto, na mwenye goti moja la kutembelea na jingine la kusindikiza. Daktari wa Bumbuli alilibonyeza hilo la kusindikiza mpaka Sabra akaanza kutaja majina ya marehemu, kisha akamwambia, "Mama, milima sasa basi."

"Daktari, petu hata kwenda chooni ni kupanda. Unataka nihamie wapi?"

Daktari alicheka, akaandika vidonge. Sabra hakucheka. Alirudi nyumbani akakaa, na huko kukaa ndiko kulikomshinda. Aligombeza kuku. Alipowamaliza kuku akahamia kwa wapita njia. Wapita njia walipoanza kuzunguka upande wa pili, akahamia chumba cha mbele.

Chumba cha mbele alikuwa amempangisha Sharifu, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, shati la kuchomekea, maneno mengi, na kompyuta sita zilizofika kutoka Ulaya zikiwa zimeshachoka. Mlangoni alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: SHARIFU INTANETI KAFE. Watu waliingia kuandika barua za kuomba kazi na kutazama matokeo ya mitihani, na wengine kutazama mambo ambayo Sabra akipita waliyafunga haraka. Sharifu hakuweza kumfukuza. Unamfukuzaje mtu kwenye nyumba yake?

Humo ndimo siku moja alimoingia Danieli, mtoto wa kaka yake Klara. Klara ndiye shoga yake Sabra tangu utoto, mzee wa kanisa, mpole wa sura, si mpole wa mengine. Danieli alikuwa anakaa Dar es Salaam, na yeye na wenzake walikuwa wanatengeneza gemu la kompyuta lililoitwa Enzi ya Ukungu. Lilikuwa bado halijafunguliwa. Lingefunguliwa kwa dunia nzima Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, saa sita kamili mchana. Kabla ya hapo alitaka watu wa kulijaribu katika miji michache, na Lushoto ikawa mmojawapo kwa sababu shangazi yake alikuwa huko na chakula chake kilikuwa kizuri.

Ndani ya gemu kulikuwa na milima, misitu, majini na mazimwi, na watu wa kila mahali wanaokutana humo kila mmoja akiwa kwenye mashine yake, huyu Lushoto, yule Mwanza, wanachimba, wanawinda, wanapanda ngazi. Ngazi ya kwanza huna hata viatu. Ngazi ya arobaini mazimwi yanakuamkia.

"Ni bure," Danieli aliwaeleza. "Kuingia bure, kucheza bure, na ndani hakuna kitu kinachouzwa. Kwenye magemu mengine mwenye pesa ananunua upanga wa moto, sisi tunabaki na fimbo. Humu hakuna. Kila mtu atapanda kwa mkono wake."

Sabra alimtazama vizuri. Ilikuwa ni miaka ya kuuza kila kitu. Alikuwa ameona kiwanda kinauzwa, shamba la chai linauzwa, hata bomba la maji la mtaani kwao limetiwa kufuli likingoja mnunuzi.

"Hakuna kinachouzwa kabisa?"

"Hakuna, mama."

"Hata kama mjomba wako ni mkubwa fulani?"

"Hata kama mjomba ndiye mwenye gemu."

"Niandike."

Katika kuchagua mhusika, kidole chake kilibonyeza pasipotakiwa, akatokea mwindaji mzee mwenye ndevu mpaka kitovuni na mabega kama mlango wa ghala. Danieli alitaka kumbadilishia, ampe mwanamke. Sabra alimshika mkono.

"Mwache huyo. Nimekaa na mwanamume miaka thelathini sikuwahi kumwendesha nitakavyo. Huyu nikimwambia kulia anakwenda kulia."

Akamwita Mzee Mpini. Klara alifumba macho, akaomba, kisha akachagua jini mwenye mbawa na kumwita Malaika wa Pili, kwa kuwa Malaika wa Kwanza alikwishachukuliwa na mtu wa Mwanza.

Sasa, jambo lililomnyima Sabra usingizi ni hili. Kila mji wa majaribio ulipewa kilele kimoja kisicho na jina. Mchezaji wa kwanza wa mji huo kufika ngazi ya arobaini kabla ya siku ya ufunguzi ndiye angekipa jina, na jina hilo lingebaki humo milele. Kila atakayecheza, awe Mchina awe Mzungu, angelisoma.

Sabra alikuwa na jina tayari. Alikuwa nalo kabla Danieli hajazaliwa.

Alizaliwa chini ya mlima unaoitwa Kwenyoki, yaani pa nyuki. Babu zake walitundika mizinga huko. Halafu akaja mtu mwenye suti na watu wenye kamba. Kwanza walichimbia kigingi cha saruji chenye namba. Mwaka uliofuata namba ile ikauzwa mjini kwa mtu ambaye hajawahi kuuona mlima wenyewe, na mwaka uliofuata tena pakasimama uzio, hoteli na bango: PARADAIZI VYUU. Sasa makondakta walikuwa wanaita, "Paradaizi wa kushuka!" Wajukuu wake walikuwa wanasema, "Bibi, jana tulikwenda Paradaizi kuokota kuni." Sabra alisahihisha mpaka mdomo ukachoka. Watoto walimwitikia ndiyo bibi, na kesho yake wakasema Paradaizi.

Basi alitaka mahali pamoja tu, hata kama ni pa majini na mazimwi, ambapo jina la mlima halitang'olewa na mtu mwenye kamba.

Na Sharifu naye alikuwa na jina lake.

"Nitakiita Sharifu Intaneti Kafe," alisema bila haya, mbele ya wateja. "Dunia nzima isome. Hiyo ni biashara, mama. Zama hizi ni za biashara."

"Mlima uitwe kafe?"

"Kwani Paradaizi si hoteli?"

 Sabra alikwenda nyuma akagombeza kuku.

Walianza kukimbizana. Tatizo ni kwamba Sabra alikimbia kama mtu anayekimbia ndani ya maji. Kila akimkaribia nyati wa ukungu, mtandao unakwama: Mzee Mpini anasimama mguu mmoja juu, mkuki hewani, ndevu zimeganda, na nyati hagandi. Mtandao ukirudi, Mpini amelala chali. Umeme ukikatika ndiyo kabisa. Sharifu alikuwa na jenereta uani, na jenereta ilivuta mashine moja tu, ya Sharifu. Yeye aliendelea kupanda huku Sabra amekaa mbele ya kioo cheusi akijitazama sura.

"Shikamoo mama," Sharifu alimsalimia kila asubuhi, hata siku ambazo hawakuwa wanasemezana.

"Marahaba. Uko ngazi ya ngapi?"

"Thelathini na nne."

"Mungu akupunguzie," Sabra alisema.

Yeye alikuwa thelathini na moja, na zilikuwa zimebaki wiki mbili.

Klara ndiye aliyesema. Walikuwa wamekaa kwenye tuta la karoti, shambani kwa Klara, siku ya zamu yake. Maana walikuwa na kikundi chao cha wanawake sita, Waislamu watatu na Walutheri watatu, kila mmoja na kishamba chake. Jumatatu hii wote sita wanalima kwa huyu, Jumatatu ijayo kwa yule, mpaka mzunguko utimie. Mwenye zamu anapika. Hakuna anayeuliza leo nani kafaidi, kwa sababu kila mtu anaijua siku yake. Hivyo ndivyo walivyolima tangu wasichana, na mama zao kabla yao.

"Sabra," Klara alisema, anakwangua udongo kwenye jembe, "hivi kule kwenye ukungu mbona tunalima kila mtu kivyake kama watu waliogombana?"

 Sabra akaanza kucheka, na goti likamuuma kwa kucheka.

Wanawake wote sita walikuwa wameandikwa na Danieli, na asubuhi kabla wateja hawajaja mashine sita zilikuwa zao. Kesho yake walikaa wote mstarini, kila mmoja mbele ya kioo chake, kanga mabegani, viatu wameviacha mlangoni. Zamu ya kwanza ilikuwa ya Sabra. Majini, wachawi na mbilikimo watano waliingia mgodini kuchimba chuma cha ukungu, na kila kikapu kikijaa kikapelekwa kwa Mzee Mpini, naye akafua mikuki, akawinda, akapanda. Waliimba. Sabra alileta chai na mihogo ya kuchemsha, kama inavyompasa mwenye zamu.

Siku nne. Thelathini na moja ikawa thelathini na nne, ikawa thelathini na sita, ikawa thelathini na nane.

Sharifu, ambaye alikuwa ngazi ya thelathini na saba, alisimama nyuma ya viti vyao mikono kiunoni.

"Shikamooni."

"Marahabaa," waliitika wote kama darasa.

"Lakini huu ni wizi."

"Tumeiba nini?" Klara aliuliza bila kugeuka. "Jembe letu?"

"Gemu linasema kila mtu kwa mkono wake!"

"Na hii ni miguu?" Sabra aliinua mikono yote miwili. "Hesabu, mwanangu. Mikono kumi na miwili, yote ya watu."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akamwagia chai kibodi. Sharifu alikwenda kuifuta huku analalamika peke yake.

Siku ya tano Sabra aliamka mapema, akavaa kanga mpya, akaketi, akaandika neno lake la siri. Kioo kikawa chekundu. Alisoma polepole, kwa sauti, kama alivyosoma darasa la nne:

MHUSIKA WAKO AMESIMAMISHWA. IMEONEKANA MALI YA WACHEZAJI WATANO INAKWENDA KWA MCHEZAJI MMOJA. KUNUNUA NGUVU ZA WENGINE NI KINYUME CHA HAKI.

Alisoma tena. Alizima mashine, akaiwasha. Alisoma mara ya tatu. Wenzake watano walipewa onyo tu, wakaruhusiwa kuendelea. Yeye ndiye aliyefungiwa.

"Kununua?" alisema. "Mimi? Nimenunua nini mimi?"

Klara alimpigia Danieli, akampa simu.

"Shikamoo mama Sabra."

"Marahaba, Danieli. Hujambo? Wazima huko? Joto vipi? Haya. Mashine yako imeniita tajiri."

Upande wa pili Danieli alishusha pumzi. Akaeleza. Kwenye magemu ya nje, alisema, matajiri wanaajiri maskini wachimbe mchana kutwa kwa ajili yao, halafu wao wanapanda bila kutoa jasho. Kwa hiyo mashine imefundishwa: ikiona vikapu vya wengi vinakwenda kwa mmoja, inafunga. Ndiyo haki yenyewe waliyoiahidi.

"Lakini sisi tulikuwa kwenye zamu! Wiki hii mimi, wiki ijayo Klara!"

"Mashine haijui zamu, mama."

"Ifundishe."

"Si kazi ya siku kumi. Na mashine inauliza pia kama walilipwa."

"Walikula mihogo."

Danieli aliguna.

"Wewe Danieli! Mihogo ni mshahara? Mama yako alipolimiwa viazi uliona akiandika mshahara? Ulikula wapi wewe siku zile, si kwenye sufuria la zamu?"

"Nilikula, mama. Najua. Mimi najua, mashine ndiyo haijui."

"Na huyu Sharifu mwenye jenereta? Wote tumekaa gizani, yeye anapanda. Huyo ni wa haki?"

"Huyo anachimba mwenyewe," Danieli alisema kwa unyonge.

"Basi nifungulie kwa mkono wako. Wewe si ndiye mwenye gemu?"

Hapo Danieli alisema neno ambalo Sabra alilitafuna siku zote zilizobaki, likakataa kumezeka. "Mama, nikikufungulia kwa sababu wewe ni shoga wa shangazi, gemu si limeshauzwa?"

Alitaka kumjibu. Alikuwa na majibu ya kumtosha mtu yeyote kuanzia Lushoto mpaka Mombo. Lakini ni yeye mwenyewe aliyeuliza kuhusu mjomba, na alikuwa amelipenda jibu. Alimrudishia Klara simu.

"Amesemaje?" Klara aliuliza.

"Amesema amelelewa vizuri. Wewe ndiye uliyemlea hivyo. Nimekukasirikia."

Siku zilizofuata Sabra alikuwa mtu wa kukimbiwa. Alikaa kwenye stuli yake mlangoni mwa kafe, fimbo magotini, akimwangalia Sharifu anapanda. Thelathini na nane. Siku tatu. Thelathini na tisa. Wanawake wenzake walijaribu kuchimba kila mmoja kivyake, lakini mwenye ngazi ya juu kati yao alikuwa Klara, na Klara alikuwa ngazi ya kumi na nne. Hata wangepewa mwaka wasingemfikia Sharifu. Kilichomchoma Sabra si kushindwa. Alishashindwa mambo mengi na akala chakula chake cha usiku vizuri. Kilichomchoma ni kwamba waliomfungia hawakuwa wabaya. Ukifungiwa na mtu mbaya unajua pa kumtupia jiwe.

Jumamosi ya ufunguzi Danieli, aliyelala njiani Mombo, alipanda na basi la asubuhi, akafika amechafuka vumbi mpaka kope. Aliwaamkia wote. Sabra aliitika marahaba fupi, ile ya kumwonyesha mtu kwamba deni la adabu limelipwa na hakuna zaidi. Kafe ilijaa. Sharifu alikuwa amebakiza robo ya ngazi, na saa ilikuwa tano na nusu. Petroli ilikuwa imekosekana mjini tangu Alhamisi na jenereta ilikuwa kimya uani, ila siku ile umeme wa mtaa wao ulikuwa wa kukaa mpaka jioni.

Sabra aliondoka kwenye stuli, hakuna aliyemwona. Aliingia ukumbini kwake, penye mita na swichi kubwa ya nyumba nzima. Ilikuwa hapo ukutani tangu marehemu mumewe alipoifunga, nyeusi, yenye mkono wa kuvuta chini. Alisimama mbele yake kama mtu aliyemkuta ndugu.

"Unafanya nini?" Klara alikuwa nyuma yake.

"Nafuta vumbi," Sabra alisema, akavuta.

Kule mbele mashine sita zilikata pumzi kwa pamoja. "Aaaah!" walisema watu. Mtu mmoja akaanza kuulaani mgao kwa jina la mama yake. Kutoka ukumbini Sabra alisikia kila kitu, ukuta ulikuwa mwembamba. Alimngoja Sharifu apige kelele. Sharifu hakupiga. Alisikia kiti kinasogezwa, halafu sauti ndogo ambayo hakujua kama Sharifu anayo: "Robo tu jamani. Robo tu."

Sabra alisimama wima, amefurahi kidogo, na furaha yenyewe haikuwa tamu kama alivyoitegemea.

"Sasa ikifika saa sita bila mtu?" mtu mmoja aliuliza.

"Hakuna shida," Danieli alijibu. "Kilele kitapewa namba. Mashine inatoa namba yenyewe."

"Namba gani?"

"Hiki chenu kitakuwa kumi na saba B."

Mkono wa Sabra ulikuwa bado kwenye swichi. Aliona kigingi cha saruji kichwani mwake, kile cha Kwenyoki, na namba zilizochorwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi. Hawakuanza na bango wale. Walianza na namba. Mahali penye jina mtu anaona haya kidogo kupauza, anajua kuna watu wanaopaita. Namba haina mtu. Hata Sharifu Intaneti Kafe, pamoja na upuuzi wake wote, ni jina la mtu anayekuamkia asubuhi.

"Sabra," Klara alisema polepole. "Mungu anakuona."

"Najua. Na wewe pia unaniona, ndiyo kinachonisumbua zaidi."

Akasukuma mkono wa swichi juu.

Mashine zile zilichukua dakika nyingi kuamka, zikikohoa. Sabra aliporudi mlangoni, Sharifu alikuwa ameinama juu ya kibodi jasho likimtoka puani, anapigana na chatu wa ukungu mwenye vichwa vitatu. Kafe nzima ilikuwa nyuma yake. Kichwa cha kwanza kilianguka. Cha pili. Mtandao ukakwama, watu wakashika vichwa vyao, mtandao ukarudi. Saa sita kasoro dakika tisa, tarumbeta ililia ndani ya mashine: ngazi ya arobaini.

Watu walishangilia. Sabra alitazama juu, kwenye buibui wa darini.

Kisanduku cheupe kilifunguka kwenye kioo: ANDIKA JINA. Sharifu alijinyoosha vidole, akaandika kwa herufi kubwa, SHARIFU INTANETI KAFE.

"Hapana," Danieli alisema.

"Hapana nini?"

"Sharti la tisa. Jina la biashara haliruhusiwi. Humu hatuuzi kitu, hata tangazo."

"Mimi nilisoma mpaka sharti la nne!"

"Yapo kumi na moja."

Sharifu alifuta. Akaandika SHARIFU.

"Jina la mtu pia hapana. Sharti hilo hilo."

"La timu yangu ya mpira?"

"Hapana kabisa, hilo litaleta vita. Jina la mahali, Sharifu. Au la kitu, mti, mnyama. Una dakika sita, halafu mashine itaweka namba."

Sharifu alitazama kisanduku cheupe. Mtu huyu aliyekuwa na maneno ya kila mteja hakuwa na neno hata moja. Mtu mmoja akapendekeza Kabichi. Mwingine akasema Paradaizi.

Fimbo ya Sabra iligonga sakafu mara moja, yenyewe. Lakini hakusema. Alibana midomo mpaka ikawa mstari. Kuomba hakuomba, na Klara baadaye alisema kwamba katika miaka hamsini ya kumjua hajapata kumwona akinyamaza muda mrefu namna ile, alidhani ameugua.

Sharifu aligeuza kiti. Alimtazama mama mwenye nyumba, akatazama vidole vya Sabra vya mkono wa kulia, vilivyokuwa vyeusi kwa masizi ya swichi ya zamani.

"Mama," alisema, "umeme wa leo umerudi haraka."

"Alhamdulillahi."

"Mgao wa dakika kumi sijapata kuuona."

"Mambo yanabadilika. Zama hizi ni za biashara."

Watu wengine hawakuelewa. Sharifu alielewa, na akakaa nalo kidogo, huku saa ya ukutani inatembea. Angeweza kusema mbele ya wote. Alijikuna kidevu.

"Lile jina lako la nyuki," alisema.

"Si langu. Ni la mlima."

"Linaandikwaje?"

Ee, jinsi alivyotaka kumzungusha! Alitaka amwulize mara tatu. Alitaka kwanza wazungumzie nyati, jenereta, na neno wizi. Danieli alisema, "Dakika mbili." Sabra akaliandikisha herufi moja moja, fimbo ikigonga kila herufi, kama mwalimu mkali na mwanafunzi mzito. Sharifu aliandika. Akabonyeza.

Ukungu ulifunguka kwenye kioo, mlima ukatokea wa bluu na mweusi, mkubwa, na juu yake kwa herufi za dhahabu: KWENYOKI.

Sabra alisogea. Alisogea tena. Chini ya herufi za dhahabu kulikuwa na maandishi madogo. Alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa.

"Klara, nisomee hapo."

Klara alikohoa. "Jina limetolewa na Sharifu wa Lushoto."



"Hayo madogo yanafutika?" Sabra alimwuliza Danieli.

"Hayafutiki, mama. Yatakaa milele. Ni haki yake, amefika kwa mkono wake."

"Milele."

"Ndiyo mama."

Alimtazama Sharifu, na Sharifu, kwa akili aliyopewa na Mungu, alitazama chini. Lakini masikio yake yalikuwa yanacheka.

Saa sita ilifika na gemu likafunguliwa. Watu waliminyana kwenye viti, wengine wawili kiti kimoja. Sabra alikwenda kwenye mashine yake, akaandika neno la siri, polepole, bila kukosea. Kioo kikawa chekundu. Alisimamishwa mpaka baraza la wenye gemu litakapokaa kuijadili zamu, na Danieli hakujua litakaa lini. Aliahidi atawaeleza yeye mwenyewe, aanze na viazi vya mama yake. Kwa hiyo huko ndani Mzee Mpini alikuwa amekaa mahali gizani na ndevu zake, hawezi kwenda kulia wala kushoto, na dunia nzima inapita chini ya mlima wake.

Alivuta stuli mpaka nyuma ya Klara.

"Unaona nini?"

"Ukungu."

"Panda basi!"

"Siwezi, wanataka ngazi ya ishirini, mimi ni kumi na nne."

"Chimba. Si hapo! Klara, una mbawa mwenzangu, mbona unatembea kama umebeba kuni?"

"Ukinisumbua nitaomba kwa sauti."

Nyuma yao Sharifu aliita. "Mama. Njoo kidogo."

"Kuna nini tena?"

"Kuna mtu ameniandikia, ameona jina langu pale chini. Anauliza Kwenyoki maana yake nini, na kwa nini paliitwa hivyo." Aliondoa vidole kwenye kibodi. "Mimi najua ni nyuki tu. Mengine sijui."

"Anatoka wapi?"

"Ujerumani."

"Hao enzi za ukoloni waliwahi kuupa mji huu jina lao," Sabra alisema. Alijiinua kwa fimbo, goti la kusindikiza likipiga kelele, akamwinua Sharifu kwenye kiti chake chenye mto na kukikalia yeye. Halafu akakumbuka kwamba hajui kuandika haraka, akamwonyesha stuli.

"Kaa hapo. Vuta kibodi. Andika nitakavyosema, na usianze na 'mimi'."